Je, Wajua? Tope la Mto Husema Yasiyosemwa na Maji

Je, wajua kwamba maji ya mto yanaweza kupimwa yakaonekana salama, huku tope lililo chini yake limejaa mionzi? Sesiamu-137, elementi yenye mionzi, hung'ang'ania chembe za mfinyanzi na kutua nazo chini. Strontiamu-90, nayo yenye mionzi, hupenda zaidi kusafiri na maji. Mpimaji makini huchota maji na tope pia.

Je, wajua yaliyoupata mto Techa, karibu na milima ya Ural nchini Urusi? Kati ya 1949 na 1956 kiwanda cha Mayak, kilichotengeneza plutoniamu ya mabomu ya nyuklia, kiliumwagia takriban meta za ujazo milioni 76 za majitaka yenye mionzi. Wanavijiji hawakuambiwa. Waliendelea kunywa maji hayo, kuvua samaki na kunywesha ng'ombe. Metlino, kijiji kilichokuwa kilometa 7 tu kutoka kiwandani, kilihamishwa. Muslyumovo kiliachwa kando ya mto kwa miongo kadhaa. Ulikuwa ukatili, na siri ya kijeshi haiwezi kuuhalalisha. Mwili huipokea strontiamu kana kwamba ni kalsiamu na kuiweka mifupani, kwa hiyo watoto waliokuwa wakikua waliibeba kwa wingi.

Strontiamu-90 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 29 hivi, sesiamu-137 kila baada ya 30. Iliyomwagwa mwaka 1951 haijaisha hata leo.

Je, wajua tope hupimwaje? Hukaushwa, huchekechwa, kisha huwekwa karibu na kitambuzi cha germaniamu kilichozungushiwa risasi na kupozwa kwa nitrojeni hadi nyuzi 196 chini ya sifuri. Sesiamu hutambulika kwa miali yake ya gama. Strontiamu haitoi miali hiyo: lazima itenganishwe kikemia, kisha husubiriwa kama wiki mbili mpaka itriamu-90 inayozaliwa nayo ijikusanye, ndipo ihesabiwe.

Matokeo huandikwa kwa bekereli: bekereli 1 ni atomu 1 inayovunjika kila sekunde. Mwili wako una takriban bekereli 4,000 za potasiamu-40 ya asili, na hazikudhuru. Kwa maji ya kunywa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni bekereli 10 kwa lita kwa sesiamu-137, na kiasi hichohicho kwa strontiamu-90.

Ukiletewa ripoti ya mto yenye vipimo vya maji peke yake, dai na vya tope.