Uzuri Watoka Wapi?

Hapa Mumias tumepata kuulizana: picha kanisani ni ibada au upuuzi? Swali hili ni la kale. Plato, Myunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliwashuku wachoraji, kwa kuwa huiga vitu ambavyo navyo ni vivuli tu vya kweli. Mwanafunzi wake Aristotle aliona kwamba mwanadamu hujifunza kwa kuiga. Baadaye Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, akafundisha kwamba kila kizuri kimepata uzuri wake kwa Mungu.

Mwaka 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, lililojengwa kwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Hakuiga picha za Ulaya. Yesu wake ni Mwafrika, kati ya watu waliokuwa bado na majonzi.

Tusome Kutoka 31: Mungu alimjaza Besaleli Roho wake ili afanye kazi ya ustadi. Basi tusimdharau fundi, wala tusiabudu kazi yake. Tujiulize tu: uzuri huu watuelekeza kwa nani?

Bwana awabariki.