Kungojea motokari mpya ya umeme ao kununua ya esanse leo? Piga hesabu mbele ya kutoa feza

Inchi yetu inatoa karibu 70 kwa mia ya kobalti yote inayochimbuliwa duniani, na sehemu kubwa inatoka katika jimbo la Lualaba. Kobalti hiyo inaingia katika betri za motokari za umeme ambazo zinatembea Ulaya, China na Marekani. Lakini katika barabara za Lubumbashi, Bunia, Butembo ao Bukavu, karibu kila motokari ingali inakula esanse ao mazutu.

Kwa mtu ambaye ameweka dola kidogo kidogo kwa miaka mingi, ulizo ni moja: nichukue sasa motokari ya mitumba kutoka Japani inayopitia bandari ya Dar es Salaam ao Mombasa, ao ningojee ya umeme ishuke bei? Akikosea, ni akiba ya familia nzima inayopotea. Hizi ndizo hesabu ambazo kila mutu anaweza kufanya mwenyewe.

Ahadi haibebi abiria

Jambo la kwanza: usingojee motokari ambayo bado iko kwenye picha. Tarehe 31 Machi 2016 kampuni Tesla ilionyesha Model 3, na katika wiki moja watu zaidi ya 300,000 wakaiweka feza ya mbele, dola 1,000 kila mmoja. Zile za kwanza zilitolewa Julai 2017. Lakini ile ya bei ya dola 35,000, ambayo ndiyo ilivuta watu wengi, iliingia sokoni mwaka wa 2019 tu. Mwaka wa 2017 kampuni hiyohiyo ilionyesha Roadster mpya na kuomba dola 50,000 za mbele. Mwaka wa 2025 hakuna mnunuzi aliyekuwa amepewa funguo.

Wengine hawakufika kabisa. Apple iliacha mradi wake wa motokari Februari 2024. Fisker, kampuni ya Marekani, iliuza motokari zake za umeme kisha ikaanguka mahakamani kwa madeni Juni 2024, na wenye kununua wakabaki wanatafuta vipande vya kutengenezea. Kama watu wa Marekani walibaki hivyo, fikiri mtu wa Beni.

Kuna pia wale wanaosema tungojee betri za kwetu. Ni kweli kwamba Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi makubaliano ya kutengeneza betri pamoja. Ni mpango mzuri kwa inchi, lakini hauwezi kukusaidia kuchagua motokari mwaka huu. Tena, betri nyingi za sasa za China zinaitwa LFP, na ndani yake hamna kobalti hata kidogo. Usifikiri basi kwamba kwa sababu kobalti ni yetu, motokari itatufikia kwa bei ya chini.

Bei inashuka, na itaendelea kushuka

Kampuni ya utafiti BloombergNEF inafuata bei ya betri kila mwaka. Mwaka wa 2010 kilowati-saa moja ya betri ilipita dola 1,000. Mwaka wa 2023 ilikuwa dola 139, na mwaka wa 2024 dola 115. Ndiyo maana kampuni BYD iliweza kutoa Seagull katika China mwaka wa 2023 kwa bei ya kuanzia yuan 73,800, ni kusema dola elfu kumi na kitu. Bei hiyo ni ya China. Safari ya meli, duane na barabara mpaka kwetu havimo.

Mtu anayesema "ningojee ishuke bado" atangojea bila mwisho, kwa sababu kila mwaka kuna ya mwaka unaofuata. Na kungojea kuna garama yake. Tuseme mwuzaji wa bidhaa analipa dola 150 kila mwezi kwa kukodi motokari za watu. Akingojea miezi 18, ametoa dola 2,700. Bei ya motokari ya umeme inapaswa kushuka zaidi ya hapo ndipo kungojea kwake kulipe.

Angalia umeme wa nyumba yako kwanza

Mbele ya kuangalia motokari, angalia konteri. Motokari ndogo ya umeme inaomba karibu kilowati-saa 18 kwa kutembea kilomita 100. Prizi ya kawaida ya nyumba inatoa kilowati-saa 2 na kidogo kwa saa. Betri ya kilowati-saa 24 inaomba basi saa 11 ao 12 kujaa. Ile ya kilowati-saa 40 inafikia saa 20. Kama SNEL inakupa umeme saa 4 usiku, hesabu mwenyewe: utapata umeme wa kilomita 50 hivi, si zaidi.

Bukavu ingali inategemea mitambo ya Ruzizi, ule wa kwanza wa mwaka wa 1958 na ule wa pili wa mwaka wa 1989, ambao tunaugawana na Rwanda na Burundi. Ruzizi ya tatu, ya megawati 206, imezungumziwa kwa miaka mingi. Katika Kivu ya Kaskazini kuna kituo cha Matebe, upande wa Rutshuru, megawati 13, kilichofunguliwa mwaka wa 2015. Mtaa na mtaa havifanani: kuna watu wenye umeme usiku kucha, na kuna wenye kuuona mara mbili kwa wiki.

Na jenereta, ile tunaita grupe? Grupe ndogo inakula karibu nusu litre ya esanse kwa kila kilowati-saa. Kwa kilomita 100 itakunywa litre 8 ao 9. Motokari ya kawaida mjini inakula karibu litre 9. Hakuna faida hapo, ni kuhamisha tu moshi kutoka barabarani na kuuleta uani.

Nguvu ya jua inawezekana, lakini hesabu vizuri. Bamba moja la wati 400, na jua letu, linatoa karibu kilowati-saa moja na nusu kwa siku. Kwa kilomita 100 kila siku unahitaji mabamba 12, na motokari ikae nyumbani mchana wakati jua linawaka. Mwenye taksi anakuwa wapi mchana?

Hesabu ya kilomita 100

Chukua karatasi. Andika bei ya litre moja ya esanse kwenu na bei ya kilowati-saa moja. Kwa mfano tu, tuseme litre ni dola 1.20 na kilowati-saa ni dola 0.10. Esanse ya kilomita 100 itakuwa dola 10.80, umeme, dola 1.80. Umeokoa dola 9.

Mwenye taksi anayetembea kilomita 100 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ataokoa dola 225 kwa mwezi, 2,700 kwa mwaka. Kama motokari ya umeme inapita ile ya esanse kwa dola 5,000, atarudisha feza hiyo mbele ya miaka 2 kuisha. Lakini mwalimu anayetembea kilomita 15 kwa siku kwenda kazini anaokoa dola 34 tu kwa mwezi. Kwake itachukua zaidi ya miaka 12. Betri inaweza kuchoka mbele.

Hapo ndipo kuna ugumu: mwenye kupata faida kubwa ni yule anayetembea sana, na ndiye anayehitaji umeme mwingi kila usiku bila kukosa.

Ukichukua ya mitumba

Wengi watakutana kwanza na Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa mwisho wa 2010. Ile ya kwanza ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24 na ilitembea karibu kilomita 117 ikiwa mpya. Betri yake haina mfumo wa kuipoza, na joto linaimaliza upesi. Jua la Lubumbashi si kama baridi ya Bukavu.

Angalia upande wa kuume wa kioo cha mbele ya dereva: kuna vibao vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri, tofauti na vile vinavyoonyesha umeme uliobaki. Vinne vikipotea, betri imebaki na theluthi mbili hivi ya nguvu, na motokari haitafika kilomita 80. Milima inapunguza tena. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya vibao hivyo, acha.

Uliza pia mdomo wa kuchajia. Motokari za Japani, za Ulaya na za China kila moja ina mdomo wake, haviingiliani. Zile za China zina usukani upande wa kushoto, jambo zuri kwetu tunaotembea upande wa kuume, lakini skrini inaweza kuwa yote kwa Kichina. Mwisho, tafuta fundi mbele ya kutafuta motokari. Betri hizo zina umeme wa volti mia kadhaa. Fundi asiyejifunza anaweza kufa akiigusa.

Majirani walianzia wapi

Kigali, Volkswagen ilileta motokari za e-Golf mwaka wa 2019. Lakini mabadiliko makubwa yalipitia pikipiki: wamotari hawangojei kuchaji, wanafika kwenye kituo, wanaacha betri tupu na kuchukua iliyojaa. Kuanzia Januari 2025, Kigali haiandikishi tena pikipiki mpya za esanse kwa kazi ya kubeba abiria. Ethiopia ilifunga mlango kwa motokari za esanse na mazutu mwanzoni mwa 2024, ili kupunguza dola zinazotoka kwa kununua mafuta. Pande zote mbili serikali ilisaidia: ushuru ulishushwa. Mtu mmoja peke yake hawezi kujijengea vituo.

Basi, nani angojee?

Kama kazi yako inaomba motokari leo, umeme wa kwenu ni wa kubahatisha na safari zako ni za vijijini katika matope, nunua ile ambayo fundi wa kwenu anaijua. Usilipe bei ya juu ili iwe mpya sana, maana siku moja utataka kuiuza.

Kama una motokari inayotembea bado, itengeneze na uendelee kuweka akiba. Wewe ndiye mtu wa kungojea, kwa sababu kungojea hakukugarimu sana.

Kama una umeme wa hakika usiku, unatembea mjini tu, na kuna fundi aliyejifunza, usingojee ya mwaka unaofuata. Hesabu inaweza kukupa haki leo.

Na kwa mmotari, wa kuangalia si bei ya pikipiki. Aulize wiki hii: kituo cha kubadilisha betri kiko kilomita ngapi kutoka pahali ninapofanyia kazi? Kama jibu ni "kitakuja", feza ibaki mfukoni.