Kituo cha Kupimia Nyota: Istilahi Inayotafutwa

Hivi karibuni tuliletewa, kwa ukaguzi, tafsiri ya kijitabu cha watalii kihusucho Jantar Mantar, mahali mashuhuri mjini Jaipur, India. Mfasiri amepaita "hekalu la wapiga falaki". Msafiri asomaye hivyo atakwenda kutafuta ibada au kutazamiwa bahati yake, naye hatakuta lolote kati ya hayo.

Tueleze kwanza kitu chenyewe. Mtawala Sawai Jai Singh II, aliyefariki mwaka 1743, alijenga vituo vitano vya namna hii: Delhi, Jaipur, Ujjain, Varanasi na Mathura. Cha Mathura kimetoweka. Cha Jaipur, kilichotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2010, kina vyombo vikubwa vipatavyo 20, vingi vikiwa vimejengwa kwa mawe na chokaa. Kwani Jai Singh aliona kuwa vyombo vidogo vya shaba huchakaa na kutikisika, vipimo vikapotoka. Kikubwa kuliko vyote ni Samrat Yantra, saa ya kivuli yenye kimo cha meta 27. Ukuta wake wa mshazari umeelekea ncha ya kaskazini ya mbingu, na kivuli chake husogea milimita moja hivi kwa sekunde, hata mgeni aweza kukiona kikienda.

Neno "jantar" latokana na "yantra", ambalo katika Kisanskriti ni chombo. Msingi wa maana, basi, ni kupima. Ni kweli kwamba zamani hizo watabiri nao walivitumia vipimo hivyo. Lakini chombo hupima tu, kubashiri ni kazi ya mtu.

Tupaiteje, basi, mahali kama hapa? "Matazamio" lafuata kanuni ya "machinjio", lakini limekwisha kuchukua maana ya matumaini, na "kutazamia" ni kazi ya mganga. "Falaki" ni jina zuri la elimu, ila "kupiga falaki" kumelitia utata. Twapendekeza "kituo cha kupimia nyota" kwa mahali, na "kipimanyota" kwa chombo, kwa mfano wa "kipimajoto" na "kipimapembe". "Saa ya kivuli" ibaki ilivyo: wanaotambua alasiri kwa urefu wa kivuli hawatahitaji maelezo.

Twawaomba wafasiri na walimu wayajaribu maneno haya kazini, watuletee maoni yao kabla hayajasanifiwa.