Nani amemlaani nani? Neno "condemn" na Kiswahili chetu

Kila pakitokea shambulio au dhuluma, habari hazikawii: "Viongozi walaani." Hiyo ni tafsiri ya kitenzi cha Kiingereza "condemn", na imeshika hata kwenye redio zetu za Pwani. Lakini je, viongozi hao kweli wamelaani?

Kwa Mwingereza, "condemn" ni kutangaza hadharani kwamba jambo ni ovu na hulikubali hata chembe. Ni zito kuliko kukosoa, maana mwenye kukosoa huenda akakubali nusu ya jambo. Mwezi wa Agosti 1998, balozi za Marekani zilipolipuliwa Nairobi na Dar es Salaam, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 1189, na neno hilo limo. Hakuna aliyeapizwa pale. Baraza lilitoa msimamo wake, basi.

Laana kwetu ni jambo jingine. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na maana yake ni kuwekwa mbali na rehema ya Mwenyezi Mungu. Katika liani, mume anayemtuhumu mkewe zinaa bila mashahidi huapa mara nne kwamba asema kweli, na mara ya tano hujitakia laana ya Mungu ikiwa ni mwongo. Sasa mzee wa Lamu au Vanga akisikia redioni "masheikh wawalaani vijana", haelewi kwamba masheikh wamezungumza na waandishi wa habari. Aelewa kwamba vijana wale wameapizwa, na mama zao usiku huo hawalali.

Wapo watakaosema "condemn" nayo asili yake ni Kilatini, ndugu wa "damn", neno la kuapiza. Ni kweli. Lakini kule moto wake ulishapoa: serikali mbili hushutumiana asubuhi, jioni zikanywa chai pamoja. Kwetu sisi bado unaunguza.

Na maneno tunayo. Kushutumu kwafaa taarifa za serikali na vyama. Kukemea ni kwa mkubwa mbele ya mdogo, na kuzomea ni kwa umati. Kusuta ndiko kwenye utamu wake: wamwendea mtu hadi mlangoni, wamtolea aliyoyasema, na mashahidi unao. Hakuna kusuta kwa barua kutoka Nairobi.

Mwandishi asiyeweza kuliacha "laani" angalau alielekeze kwenye kitendo. "Walilaani shambulio" si sawa na "waliwalaani washambuliaji". Ile "wa" ya katikati ndiyo inayowabeba watu.

Kuna na maana nyingine. Mahakamani "condemn" ni kuhukumu, na mkaguzi wa nyama hulitumia neno hilo hilo anapoikataa nyama isiuzwe. Huko wafasiri wetu wako macho: sijaona bado gazeti lililoandika kwamba bwana afya amemlaani ng'ombe.