Malaria na Safari ya Bondeni

Wahenga walisema, majuto ni mjukuu, mwisho huja kinyume. Watu wengi husafiri kwanza, kisha hujuta baadaye. Husema, "Laiti ningalijua!" Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya safari. Tutaona mambo ambayo msafiri anatakiwa kuyajua kabla ya kuondoka nyumbani.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Makete. Makete ni nchi ya milima na baridi. Ndugu huyu anapata habari kwamba mpunga umekomaa katika bonde la Kilombero, na kuna kazi ya kuvuna. Anapanda basi mpaka Makambako, anapita Iringa na Mikumi, kisha anateremka mpaka Ifakara. Anavuna kwa wiki tatu. Analala shambani katika dungu, bila chandarua. Anarudi nyumbani mzima, na fedha mfukoni.

Siku chache baadaye anasikia homa. Kichwa kinauma. Viungo vinauma. Anasema, "Ni uchovu wa safari, na hili ni baridi la kwetu." Anajifunika blanketi. Siku ya tatu hawezi kusimama, na anaongea maneno yasiyoeleweka. Jamaa zake wanashangaa. Kwao malaria ni nadra, hakuna anayeifikiria. Lakini ugonjwa huo ni malaria, na mtu huyu yuko katika hatari ya kufa.

Kwa nini mtu wa milimani huugua sana?

Malaria huenezwa na mbu aitwaye anofelesi. Mbu huyu huchukua vimelea katika damu ya mgonjwa na kuvipeleka kwa mtu mwingine. Mahali penye baridi kali vimelea hukua polepole sana ndani ya mbu. Mara nyingi mbu hufa kabla vimelea havijakomaa. Ndiyo sababu malaria ni chache huko Makete na Njombe, kwenye milima ya karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Bonde la Kilombero liko chini sana, lina joto na maji mengi. Hapo mbu huzaliana na vimelea hukua upesi.

Watu waliokulia bondeni wameumwa na mbu tangu utoto. Miili yao imejifunza kidogo kupigana na vimelea. Mtu wa milimani hana kinga hiyo, hata kama ana nguvu za kubeba magunia. Kwa hiyo asiseme, "Mbona wenyeji wanalala nje na hawaugui?" Wenyeji pia huugua, na watoto wao wadogo huugua sana. Lakini mgeni mtu mzima yumo hatarini kama mtoto.

Mambo ya kufanya kabla ya safari

1. Chukua chandarua chenye dawa. Usitegemee kukikuta huko uendako. Chukua na kamba za kukifungia. Chandarua ni chepesi, hukunjwa na kuingia katika mfuko.

2. Mama mjamzito aende kliniki kwanza. Amweleze mhudumu wa afya mahali anapokwenda. Malaria ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni. Kama safari inaweza kungoja, ni vema ingoje.

3. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto. Mhudumu wa huko ataona chanjo alizopata na uzito wake.

4. Kama unatumia dawa kila siku, kwa mfano za shinikizo la damu, kisukari, kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, hesabu vidonge vyako. Viwe vya kutosha safari yote, na vya siku chache za ziada. Viweke katika mfuko wa mkononi. Mzigo ulio chini ya basi huweza kupotea.

5. Chukua maji safi ya kunywa yaliyochemshwa, na paketi za chumvichumvi za kutibu upungufu wa maji mwilini. Ukiharisha, soma paketi uone kiasi cha maji. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwage.

Ukifika

Uliza mapema: zahanati ya karibu iko wapi? Usingoje kuuliza usiku wa manane ukiwa mgonjwa.

Mbu wa malaria huuma hasa tangu jua linapozama mpaka alfajiri. Jioni vaa nguo za mikono mirefu. Lala ndani ya chandarua kila usiku, hata ukilala katika dungu. Chomeka pindo zake chini ya mkeka. Tundu likitokea, lishone. Usiku mmoja bila chandarua unatosha kukupa malaria.

Ukirudi nyumbani

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukiumwa na mbu leo, huugui leo. Mara nyingi homa huanza baada ya siku 10 hadi 15. Huweza hata kuchelewa mwezi mmoja au zaidi. Basi mtu huambukizwa bondeni, akaugua mlimani.

Ukipata homa, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mwambie mhudumu, "Nimetoka Kilombero." Maneno hayo machache huweza kuokoa maisha yako. Atachukua tone la damu kidoleni na kulipima. Majibu ya kipimo hicho hutoka kwa muda wa nusu saa au chini ya hapo.

Ikiwa ni malaria ya kawaida utapewa dawa mseto. Mtu mzima hupewa vidonge 24 vya kumaliza kwa siku 3. Vimeze pamoja na chakula. Usiache ukipata nafuu, wala usimgawie jirani. Wazee wanaikumbuka klorokwini. Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea.

Mpeleke mgonjwa hospitali haraka ukiona dalili hizi: degedege, kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu, kushindwa kukaa au kusimama, kupumua kwa shida, macho kuwa ya manjano, au mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi. Usingoje kukuche. Malaria kali huweza kuua kwa muda wa siku moja.

Ndugu msomaji, safari ya kazi ni jambo jema. Huleta fedha za ada, mabati na mbolea. Lakini fedha hizo zina faida gani ikiwa mvunaji mwenyewe hayupo? Kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mtu wa milimani huugua sana akipata malaria?
2. Utamwambia nini mhudumu wa zahanati ukipata homa baada ya safari?
3. Katika kijiji chenu, ni nani husafiri kwenda kuvuna? Je, wana vyandarua?