Soko likipanda ghorofa, mteja hupanda nalo?

Jumanne na Ijumaa, kabla hakujapambazuka vizuri, njia ya kwenda Mpondwe huwa imekwisha kujaa watu. Hizo ndizo siku za gulio. Kutoka Kasindi, akina mama huvuka mto Lhubiriha na mawese, kahawa na vitenge. Kutoka upande wa Uganda huja chumvi ya Katwe, samaki wa ziwa Edward, unga wa mahindi, sabuni na mabati. Asiyepata anachotaka Bwera hupanda gari kupitia Kikorongo na kwenda Kasese mjini, mwendo wa takriban saa moja.

Katika biashara hii, anwani ya muuzaji haikuwa namba ya duka. Mnunuzi wa Butembo alimjua mama wake wa chumvi kwa mahali anapokaa: karibu na lango, mkono wa kushoto, jirani na muuza samaki. Wanande wa Kongo na Wakonzo wa Uganda husikilizana lugha, hivyo salamu ilitosha kufungua mkopo. Muuzaji aliyekaa mahali pamoja miaka 10 alikuwa na mtaji usioonekana kwenye rafu. Mtaji huo ni mahali penyewe.

Ndiyo maana soko la zamani linapovunjwa ili pajengwe ghorofa, maumivu ya wafanyabiashara hayatokani na mapenzi ya mabati yaliyotoboka.

Kasese imepitia mabadiliko hayo. Soko lake kuu ni miongoni mwa masoko yaliyojengwa upya katika awamu ya pili ya mpango wa serikali ya Uganda wa kuboresha masoko, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Masoko ya Mbarara, Busia, Tororo, Soroti na Arua yamo katika awamu hiyo hiyo. Awamu ya kwanza ilikuwa imebadilisha masoko ya Jinja, Mbale, Lira, Gulu, Hoima, Fort Portal na Wandegeya jijini Kampala.

Faida za jengo jipya hazihitaji kubishaniwa. Mvua ikinyesha, unga haulowi. Kuna vyoo, mifereji, taa na maduka yanayofungwa kwa kufuli, kwa hiyo mwenye vitenge halazimiki kubeba robota zake kwenda nazo nyumbani kila jioni. Aliyewahi kupoteza bidhaa kwa moto au wizi katika soko la mbao anajua thamani ya ukuta wa zege.

Lakini ghorofa lina hesabu yake, na hesabu hiyo huanzia kwenye ngazi. Mnunuzi wa kuvuka mpaka ana saa chache. Lazima anunue, afunge mzigo, apate gari, afike Mpondwe na kumalizana na forodha siku hiyo hiyo. Gunia la kilo 100 halipandishwi juu bila kumlipa mchukuzi, wala halishuki bure. Mnunuzi akiona viazi na maharage hapo chini, hana sababu ya kupanda kutafuta vingine.

Ndiyo maana katika masoko kadhaa ya ghorofa nchini, Jinja na Wandegeya yakiwemo, vizimba vya juu vimekuwa vigumu kupata wapangaji, huku wachuuzi wakirudi kutandaza bidhaa barabarani. Kosa si la zege. Bidhaa nzito na zinazooza haraka zinataka ardhi. Cherehani, simu, vipodozi, saluni na nguo zinaweza kuishi juu, kwa sababu mteja wake huenda kwa kukusudia na hushuka na mfuko mmoja mkononi. Mgawanyo wa sakafu ukifuata bidhaa, jengo hujaa. Ukifuata bahati nasibu au kujuana, juu hubaki pakavu.

Wanaofuata bidhaa Dar es Salaam wameyaona haya kwa kiwango kikubwa zaidi. Kariakoo ilikuwa mitaa ya nyumba za chini za Kiswahili, zenye vyumba kila upande wa ukumbi na baraza mbele. Leo nyumba nyingi za aina hiyo zimekuwa maghorofa marefu, maduka chini na makazi juu. Kiwanja kile kile kinabeba biashara nyingi zaidi, na kodi ya pango imepanda pamoja na jengo. Kuna gharama nyingine pia. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji hilo lilianguka na kuua zaidi ya watu 30. Novemba 2024 jengo la biashara liliporomoka Kariakoo penyewe, likiwa na wafanyabiashara ndani. Mfanyabiashara anayekodi duka katika ghorofa anakodi na nguzo zake.

Kasese yenyewe si mgeni wa mabadiliko. Mji ulikua kwa reli iliyofika mwaka 1956 kufuata shaba ya Kilembe. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, na maduka yao yakaingia mikono mingine. Uchimbaji wa shaba ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha na treni zikaacha kuja. Kila mara majengo yalibadilisha wenyewe, na kila mara walioendelea ni wale ambao wateja wao waliweza kuwapata tena.

Sasa zamu inaelekea Bwera. Juni 2021, marais Yoweri Museveni na Félix Tshisekedi walizindua pale Mpondwe ujenzi wa barabara ya kwenda Beni, kilomita 80, na kuendelea hadi Butembo. Mwaka uliofuata Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Barabara nzuri hupandisha bei ya kiwanja, na kiwanja kikipanda bei, mwenye nyumba ya chini huanza kuota ghorofa.

Mpangaji wa duka la mtu binafsi ana kinga katika Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022. Kodi haipandishwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na notisi ya siku 60 hutangulia. Kodi hulipwa kwa shilingi, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi lazima uwe wa maandishi. Masoko ya umma yana sheria yake, ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1942.

Kwa hiyo, kabla nyundo ya kwanza haijagonga, kuna maswali ya kuuliza na kupata majibu yake kwa maandishi. Nani ameorodheshwa kuwa na haki ya kurudi? Atarudi sakafu ipi, na kwa bidhaa gani? Atauzia wapi wakati wa ujenzi, na mteja wa Kasindi ataambiwaje? Kodi ya mwaka wa kwanza ni kiasi gani? Na daftari la namba za simu za wateja liwe tayari, maana jengo likianguka mahali pa zamani, namba ndiyo anwani inayobaki.

Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari huisha bila habari. Na nafasi sokoni ni mali.