JUU YA NINI SHABA MOJA INATOA HESABU MBILI?



Juma lililopita kulikuwa kelele katika atelie. Wanafunzi wawili wa darasa la sita walipima ugumu wa shaba iliyokatwa katika fimbo moja. Wa kwanza alipata shimo dogo, wa pili shimo pana. Wakaitana waongo, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kupoteza pointi. Sisi wa komite ya wanafunzi tukaitwa kukata maneno yao.

Njia yenyewe ilionyeshwa katika 1900 na Bwana Brinell, mtu wa Uswidi. Bille ngumu inakandamizwa juu ya metali kwa uzito unaojulikana, kisha tunapima upana wa shimo. Shimo dogo, metali ngumu. Ni mwepesi, sivyo? Lakini metali laini zina mitego yao.

1. Nyundo na moto. Shaba ikipigwa nyundo inazidi ugumu. Ikichomwa mpaka nyekundu inarudia ulaini, hata ukiitupa katika maji. Chuma cha kisu kinakuwa kigumu kwa kufanya vile; shaba hapana.

2. Uzito na wakati. Kwa chuma, bille ya milimetre 10 inapewa kilo 3000. Kwa risasi, kilo 100 zinatosha. Tena risasi inaendelea kuzama pole pole chini ya uzito, hata bila moto. Wewe ukihesabu sekunde 10 na mwenzako 60, hamkupima kitu kimoja.

3. Unene na fasi. Kipande kiwe kinene kupita urefu wa shimo mara 8 kwa uchache. Kikiwa chembamba, njo unapima meza! Tena shimo lisiwe karibu na ukingo wala karibu na shimo lingine.

Tukauliza kila mmoja: "Ulifanya nini mbele ya kupima?" Wa kwanza alikuwa amenyoosha kipande chake kwa nyundo. Wa pili alikichoma kusudi mafuta yatoke. Basi, hakuna aliyedanganya! Mwalimu akaamuru vipande vyote viwili vichomwe na kupimwa upya: mashimo yakalingana, na pointi zikabaki.

Kwa hiyo, ndugu, katika kaye yenu msiandike hesabu peke yake. Andikeni pia uzito, sekunde, na namna metali ilivyotendewa. Na kabla ya kumwita mwenzako mwongo, umuulize kwanza.